Uso wa Bibi na Kadi ya Shirley

Shangazi aliishika ile picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Huyu nani?"

Hakuwa anatania. Bibi alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, na katika shughuli zote za msiba mimi nilipewa kazi moja tu: kutafuta picha yake nzuri, kuisafisha kwa saizi ya inchi 8 kwa 10, na kuitia kwenye fremu kabla ya arobaini. Picha nzuri tulikuwa nayo moja. Niliipiga mwenyewe kwa simu, Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amejitanda kanga nyeupe yenye maua mekundu, jua la saa nne asubuhi. Kwenye simu alionekana vizuri: makunyanzi yake, kidoti chini ya jicho la kushoto, na ule mdomo wa mtu anayekaribia kucheka. Kwenye karatasi niliyotoka nayo kwa wasafishaji, ukuta ulikuwa ukuta na kanga ilikuwa kanga. Uso ulikuwa doa jeusi lenye meno.

Nikarudi dukani na hasira zangu. Fundi, kijana mpole tu, akanijibu bila kugombana: "Kaka, mashine ndivyo inavyotoa." Jibu lile lilinikera kuliko picha yenyewe. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kulifikiria. Mashine haizaliwi inajua uso unatakiwa uweje. Kuna mtu aliyeifundisha. Nani, na lini, na alikuwa anamtazama nani wakati anaifundisha?

Tuanze na neno letu. Sisi husema tunakwenda "kusafisha picha", na kwa zama za filamu neno lilikuwa na ukweli ndani yake: karatasi ilipita kwenye dawa, ikatoka, ikaoshwa kwa maji. Ila kwa miaka mingi ya kwanza ya sanaa hii, aliyepiga na aliyesafisha alikuwa mtu mmoja. Waliotenganishwa ni hawa wawili, na tunaweza kuutaja mwaka. Mwaka 1888 George Eastman aliingiza sokoni kamera ya Kodak ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukizimaliza, unaipeleka kamera nzima Rochester, Marekani, kiwandani, wao wanasafisha na kukurudishia picha pamoja na kamera yenye filamu mpya. Urahisi mkubwa. Lakini tangu siku hiyo, mtu anayeamua sura yako itoke vipi kwenye karatasi ni mtu ambaye hajawahi kukuona.

Katika picha nyeusi na nyeupe hili halikuumiza sana, hasa huku kwetu, kwa sababu studio zilikuwa za mtaani. Pale Mji Mkongwe Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Fundi wa studio za namna ile alikupangia taa, akakupiga, akaingia mwenyewe chumba cha giza. Picha ikitoka nyeusi mno alikuwa na sura yako kichwani ya kuilinganisha nayo, anairudia. Kipimo chake kilikuwa wewe.

Rangi zilipokuja, kipimo kikahama. Kodak walikuwa wakiuza filamu ya rangi huku gharama ya kusafisha ikiwa imo kwenye bei, kwa hiyo filamu zilirudi kwao. Serikali ya Marekani ikaona huo ni ukiritimba, na mwaka 1954 kampuni ikakubali kuvitenganisha viwili hivyo. Maabara huru zikaanza kusafisha filamu za rangi, na zote zikahitaji kitu cha kulinganishia: mashine yangu hapa itajuaje kwamba inatoa rangi sawasawa na mashine ya mji mwingine? Kodak wakawatumia kadi ya mfano pamoja na negativu yake. Unaisafisha negativu, unaiweka picha uliyopata kando ya kadi, unazungusha vitufe mpaka zifanane. Juu ya kadi alikuwa amekaa mwanamke wa Kizungu, ngozi nyeupe, nguo za rangi kali. Wa kwanza kupigwa alikuwa mfanyakazi wa Kodak aliyeitwa Shirley Page, na ingawa baada yake walibadilishwa wanawake wengi, jina halikubadilika. Mafundi waliendelea kuziita kadi za Shirley. Baadhi yake ziliandikwa pembeni neno la Kiingereza lenye maana ya "kawaida".

Mtafiti aliyeifanya historia hii ijulikane ni Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, katika makala yake ya mwaka 2009. Hoja yake haikuwa kwamba kemia ni mbaguzi. Alichosema ni kwamba filamu ingeweza kutengenezwa tangu mwanzo ione vizuri zaidi ngozi za kahawia, za njano na nyekundunyekundu, kama waliokuwa wanaitengeneza wangeona kuna haja. Haja hawakuiona. Watoto weusi na weupe wakipigwa picha moja ya darasa, weupe walitoka na sura zao, weusi wakatoka macho na meno. Yaani kilekile alichokiona Shangazi dirishani.

Unajua nani aliwafanya Kodak wabadilike? Mmoja wa waliokuwa mameneja wa kampuni hiyo alimweleza Roth kwamba malalamiko yaliyosikilizwa yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na watengenezaji wa samani. Wa kwanza walitaka chokoleti nyeusi itofautiane na ya maziwa kwenye matangazo. Wa pili walitaka mteja aone tofauti ya mbao moja na nyingine. Nilipolisoma hili nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Rangi ya kahawia ilipata heshima kwanza ikiwa meza, ikaja kuipata ikiwa mtu. Kadi yenye wanawake watatu, mmoja mweupe, mmoja mwenye asili ya Asia na mmoja mweusi, ilifika katikati ya miaka ya 1990.

Sasa utaniambia, haya mambo ya filamu yanahusiana vipi na simu yako? Ndiyo, simu haina filamu. Lakini picha yangu ilikwenda kwenye mashine ya kusafishia, na hiyo ina ukoo wake. Mashine nyingi za maabara za leo huchora picha kwa leza nyekundu, ya kijani na ya bluu juu ya karatasi yenye chumvi za fedha, kisha karatasi inapita kwenye dawa na maji kama zamani. Na kabla leza haijawaka, programu huitazama picha na kuirekebisha yenyewe.

Fikra ya marekebisho hayo ni ya zamani. Mwaka 1951 Ralph Evans, mtaalamu wa rangi wa Kodak, alipata hataza ya mbinu iliyotokana na wazo rahisi: ukichanganya rangi zote za picha ya kawaida, jumla yake hukaribia kijivu. Basi mashine iisukume kila picha kuelekea kijivu, na nyingi zitatoka salama. Kweli nyingi hutoka salama. Programu za siku hizi zina akili zaidi ya hapo, lakini desturi ya kuupima uwanja mzima kwanza haijafa. Sasa mweke mwanamke mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, mvalishe kanga nyeupe, mpige jua. Mashine inaona weupe mwingi mno, inasema picha hii imezidi mwanga, inaipunguza yote. Ukuta unapata ukijivu wake. Uso, ambao haukuwa na mwanga wa kutoa, ndio unaolipa deni la ukuta.

Kumbe fundi hakunidanganya. Mashine ndivyo inavyotoa, isipokuwa mtu aiambie vingine. Na kuiandaa picha kabla ya kuipeleka maabara ndiko kuiambia vingine.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Picha ya kwanza nilimtumia fundi kwa WhatsApp, na faili lililomfikia lilikuwa na pikseli 1,600 tu upande mrefu. Ukilikata liingie kwenye inchi 8 kwa 10 unabaki na pikseli 150 kwa inchi, na kipimo kinachotumiwa na maabara nyingi ni 300. Faili halisi lilikuwa bado kwenye simu, pikseli 3,000 kwa 4,000. Nikalihamisha kwa waya. Kisha nikaikata picha mwenyewe, maana umbo la picha ya simu na umbo la karatasi ile havilingani, na usipoamua wewe kipi kiondoke ataamua mwingine. Niliondoa kipande cha sakafu chini ya miguu. Zikabaki 3,000 kwa 3,750, zaidi ya zilizohitajika.

Halafu rangi. Kila faili hubeba maelezo yanayosema namba zake zinamaanisha rangi gani. HP na Microsoft walipendekeza mwaka 1996 mfumo wa pamoja unaoitwa sRGB, na maabara nyingi huutegemea hata leo. Ukipeleka faili la mfumo mpana zaidi kwa mashine inayodhani ni sRGB, rangi zinapauka. Nikalihifadhi kwa sRGB. Nikapunguza na mwanga wa kioo cha kompyuta, kwa sababu kioo kinawaka na karatasi haiwaki. Picha inayong'aa kwenye kioo kikali huja kuwa giza ukutani, na hilo nalo lilikuwa limenidanganya.

Ikabaki kazi yenyewe, uso. Nilitenga uso peke yake, nikauongezea mwanga, nikauacha ukuta kama ulivyo. Nikaongeza tena. Nikaona kidoti, nikaona makunyanzi, nikafurahi, nikaongeza tena kidogo. Nikampelekea fundi, safari hii kwa adabu, nikamwomba azime marekebisho ya mashine na anitolee kwanza nakala ndogo ya majaribio. Nikampelekea Shangazi.

Akaitazama. Akasema, "Mmemchubua."

Niliona aibu. Bibi hakuwahi kupaka mkorogo maisha yake yote, alikuwa akiwagombeza wajukuu waliopaka, na mimi katika kumwokoa na weusi wa mashine nimempaka mkorogo akiwa kaburini. Nilikuwa nimejifunza historia nzima ya Shirley, na mkono wangu ulipoachiwa nafasi ukaenda kulekule kwa Shirley. Nilidhani uso unaoonekana ni uso uliokuwa mweupe zaidi.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kilichobaki. Akanyosha mkono wake kando ya picha, akasema, "Rangi yetu ni moja, mimi na mama. Tazama hapa." Basi mkono wake ukawa kadi yangu. Nilikaa naye mezani na kompyuta, nikarudisha mwanga nyuma kidogo kidogo, nikaacha kivuli chini ya shavu kiwe kivuli, nikaongeza wekundu kidogo, kwa sababu ngozi yetu ina wekundu ndani yake ambao mashine ilikuwa imeufanya ukijivu. Alipoona imefika akasema, "Hapo. Acha."

Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ionyeshe kwa usahihi ngozi za rangi mbalimbali. Ni habari njema, na ni habari inayofikirisha, kwamba karibu miaka 70 baada ya kadi ya kwanza jambo hilo bado lilihitaji tangazo. Simu zitaendelea kuwa bora. Lakini popote penye neno "otomatiki" pana mtu wa mfano aliyekaa nyuma yake, na kabla hujabonyeza uliza kama mtu huyo anafanana na wako.

Nakala ya tatu ilitoka siku mbili kabla ya arobaini. Fundi aliiweka juu ya kaunta, akaitazama, akaniuliza kama nataka aweke kumbukumbu ya namna tulivyoitoa, ili wateja wengine wakija na ukuta mweupe ajue pa kuanzia. Nikamwambia aweke.

Siku ya arobaini picha ilikaa kwenye kabati la sebuleni. Watu waliingia, wakasalimia, wakapita karibu nayo. Hakuna aliyesema ni picha nzuri. Bi mkubwa mmoja wa jirani alisimama mbele yake, akasema, "Huyu alikuwa anakaribia kucheka," akaenda kukaa.