Kamera ya Kwanza: Je, Kamera za Bei ya Chini Zisizo na Kioo Bado Zina Maana?

Najua nimekuwa kimya kwa majuma mawili, kazi zilinibana. Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, tuzungumzie kamera.

Majuzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka nyumbani Kapkatet. Amemaliza chuo, kazi hajapata, na mama yake amekubali kumpa sehemu ya bonasi ya majani chai anunue kamera. Si kamera ya mabwana wakubwa. Anataka zile ndogo za bei ya chini zisizo na kioo ndani, ambazo vijana huziita mirolesi. Akaniuliza, "Mjomba, wewe ni mtu wa kompyuta. Ninunue, ama pesa hizo nichukue simu kali?"

Nilitaka kumjibu palepale kwamba siku hizi simu inatosha. Kisha nikafikiria pesa zenyewe. Kwa wasiotoka sehemu za chai: mkulima anayepeleka majani kwenye kiwanda cha KTDA hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo alizochuma, halafu salio la mwaka huja kwa mpigo mmoja karibu na Oktoba. Hiyo ndiyo bonasi. Ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe wa maziwa. Na mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika sana kwamba bonasi yao imeshuka. Kumwambia dada yangu aitoe hiyo kwa ajili ya kamera si jambo la mzaha.

Basi nikamwomba kijana siku tatu, nikaanza kurudi nyuma kwenye historia. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo.

Walionunua kamera na walionunua picha

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya George Eastman ilitoa kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie, bei yake dola moja. Kule Marekani na Uingereza familia ya kawaida ikaanza kumiliki kamera. Mtu akaweza kumpiga picha mtoto wake mwenyewe bila kwenda studio.

Huku kwetu mambo yalichukua njia nyingine. Studio zilikuwapo mapema: Zanzibar, karne ya 19, Wagoa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho walikuwa tayari wanapiga picha za watu na za mji. W. D. Young alipiga picha za ujenzi wa reli ya Uganda. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Zanzibar, na mwanawe Rohit akaiendeleza baada yake. Lakini mwananchi wa kawaida hakununua kamera. Alinunua picha. Alivaa nguo yake nzuri, akaenda kwa fundi, akalipa, akarudi nyumbani na karatasi.

Hili ni jambo la kushika vizuri, kwa sababu makala nyingi za kamera kwenye mtandao zimeandikwa na watu wa nchi ambako kila nyumba ilikuwa na kamera kabatini. Wakiuliza kama mnunuzi wa kawaida bado anaihitaji, wanamfikiria baba anayepiga picha za likizo. Mnunuzi wetu wa kawaida si huyo.

Mnunuzi wetu ni kama Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza akiwa mvulana ilikuwa Box Brownie iliyokwisha kutumika. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hukohuko Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 1984, picha za filamu alizopiga huko Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, ziliionyesha dunia njaa iliyokuwa ikiua watu. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Sisemi kwamba kila mwenye kamera ya bei rahisi atakuwa Mo Amin. Nasema tu kwamba hata yeye alianza na kamera ya chini kabisa, tena ya mtumba.

Fundi wa picha na pesa za chai

Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianzishwa na makampuni ya Brooke Bond na James Finlay miaka ya 1920. Mkulima mdogo alipata nafasi yake hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Kwa hiyo pesa taslimu ziliingia vijijini mwetu kwa msimu, na fundi wa picha aliujua msimu huo kuliko kalenda.

Nikiwa mdogo, fundi wetu alikuja kwa miguu siku za Jumapili na Yashica shingoni. Filamu ilikuwa na picha 36. Hakuwahi kuipeleka mjini kuoshwa kabla haijaisha, kwa hiyo ulilipa nusu leo na picha ukaiona baada ya mwezi, kama uliiona! Wapo waliopokea malipo ya kwanza wakapotea kabisa. Lakini yule mwaminifu alitunza negatifu zake katika bahasha, jina la kila boma juu yake.

Kwingine Kenya kazi hiyo ilishamiri zaidi. Mashine ndogo za kuosha picha za rangi zilipoenea mijini, gharama ya kuanza ilishuka, na vijana wengi waliokuwa hawana studio wakaingia kazini. Miaka ya 1990 pale kivukoni Likoni, Mombasa, wapiga picha, wengi wao waliotoka bara, walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Msafiri alipigwa picha akiwa kama ndiyo anapanda ndege. Wenye studio za zamani hawakufurahia, maana kamera ilipokuwa rahisi mlango uliwafungukia wengine. Ndivyo ilivyokuwa kila mara.

Kioo kilikuwa kinafanya nini?

Hapa naingia kidogo kwenye ufundi, mnivumilie. Katika kamera za aina ya zamani, kioo kilichoinama kilisimama nyuma ya lenzi, kikiurusha mwanga juu hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unaifikia filamu, kioo kinarudi. Ule mlio wa "klak" ndio huo. Kamera za kidijitali zilirithi mtambo huohuo. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa Marekani chini ya dola 1,000, na watu wengi wa harusi wakahama kutoka kwenye filamu.

Mwaka 2008 Panasonic ikatoa Lumix G1, iliyoondoa kioo kabisa. Kihisi cha mwanga kinabaki wazi muda wote, kinasoma kinachoonekana na kukileta kwenye skrini. Kwa mtu wa programu jambo hili ni kubwa: kazi iliyofanywa na springi na vyuma imehamia kwenye kodi. Ndiyo maana kamera hizi zinaweza kulitambua jicho la mtu na kulifuata akitembea. Hasara yake ni betri, kwa kuwa skrini na kihisi havipumziki. Sony ilifuata na NEX mwaka 2010, Nikon ikaleta Nikon 1 mwaka 2011, Canon ikaleta EOS M mwaka 2012. Zote zililenga mtu anayenunua kamera yake ya kwanza.

Lakini walichelewa. Simu ilikwisha kufika.

Simu ilichukua nini, na ilibakisha nini

Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Kodak wenyewe waliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Januari 2012, ingawa mhandisi wao Steven Sasson ndiye aliyeunda kamera ya kidijitali ya kwanza mwaka 1975! Huku kwetu Tecno ilileta mfululizo wa Camon mwaka 2015, jina lenyewe likitaja kamera. Fundi wa Jumapili akakosa kazi. Nani amlipe, na kila mtu ana simu mfukoni?

Simu ilichukua picha za kila siku, na ilizichukua kwa haki. Sina ubishi. Lakini nawapa kisa kimoja.

Kogo wetu, yaani nyanya, alipofariki, picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi ilikatwa kutoka kwenye picha ya familia iliyopigwa na yule fundi wa Yashica, wakati wa bonasi. Uso ulitoka wazi kabisa. Miaka mingi baadaye tulimzika jamaa mwingine aliyekuwa na mamia ya picha katika simu za watoto wake. Zote zilikuwa zimepitia programu za kutumiana ujumbe, zimebanwa na kubanwa tena. Tulipoikuza moja ikae mbele ya jeneza, uso ukawa vijumba vijumba. Picha zilikuwa nyingi, lakini ya kumwagia machozi haikuwepo.

Sehemu ya tatizo ni kihisi. Mvua ikinyesha Kapkatet, weka nje kikombe na beseni: kwa dakika zilezile beseni litapata maji mengi zaidi. Kihisi cha kamera kuu katika simu nyingi za bei ya chini kina upana wa milimita 5 kwa 4 hivi. Cha kamera ndogo ya Canon isiyo na kioo ni milimita 22 kwa 15. Ni eneo kubwa zaidi ya mara 15. Ndani ya nyumba yenye taa moja, au kwenye koito jioni wakati wazee wanamalizana mambo ya mahari, tofauti hiyo inaonekana. Programu za simu hujitahidi kuifidia kwa kuunganisha picha kadhaa, lakini watu wakicheza hazifanikiwi sana.

Sehemu nyingine si ya mtambo. Ni kwamba yule fundi alikuwa na wajibu. Alilipwa ili picha iwepo. Kwenye simu hakuna mwenye wajibu, kila mtu anadhani mwenzake amepiga.

Ngazi inapoondolewa

Kwa hiyo naona swali si kama mtu wa kawaida anahitaji kamera hizi. Wengi hawazihitaji, na hapa kwetu wengi hawakuwahi kuwa nazo. Swali ni kama kijana atakayekuwa fundi wa kijiji bado ana pa kukanyaga anapoanza. Na hapo nina wasiwasi. Nikon 1 ilikomeshwa mwaka 2018. Olympus iliuza biashara yake ya kamera, na kampuni mpya ikaanza kazi mwaka 2021. EOS M ilimalizika mwaka 2023. Viwanda vinafuata mashine za bei kubwa kwa sababu ndiko faida iliko.

Zilizobaki chini ni chache. Canon R100 ya mwaka 2023 ilitangazwa Marekani kwa dola 599.99 pamoja na lenzi. Kwa dola moja ya shilingi 129 hivi, hiyo ni kama shilingi 77,000, kabla ya usafiri na kodi. Tena skrini yake haiguswi kwa kidole, jambo ambalo hata simu ya bei rahisi inalo!

Nilichomwambia kijana

Kwanza, kama unataka picha zako na za marafiki, usinunue. Rudisha pesa za mama.

Pili, kama ni kazi, piga hesabu kwenye karatasi. Tuseme kamera, betri ya pili na kadi zinafika 90,000. Tuseme shughuli moja inakuachia 3,000 baada ya nauli na gharama za kuchapisha. Hizo ni shughuli 30 kabla mama hajapata chake. Je, unaweza kutaja watu kumi wa Kapkatet, Litein na Sotik watakaokuita mwaka huu? Wataje kwa majina.

Tatu, tazama za mtumba. Sony A6000 ya mwaka 2014 bado inapiga picha nzuri. Canon M50 ya 2018 pia, ila jua kwamba lenzi za aina yake hazitengenezwi tena na kiwanda chake. Jaribu kamera kabla ya kulipa.

Nne, chapisha. Na utunze nakala mahali pawili, jina la boma juu yake, kama yule mzee na bahasha zake.

Alinijibu baada ya siku mbili. Majina yalikuwa saba, si kumi. Akaniambia amepata A6000 iliyotumika kwa pesa kidogo kuliko alizopewa, na zilizobaki amezirudisha. Nilifurahia zaidi hilo la kurudisha.

Kama itamlipa, sijui. Nitawaambia bonasi ijayo. Hadi hapo, kaeni salama, na mkachapishe picha za wazee wenu wakiwa bado hai.