Sarafu Mpakani: Msalaba wa Shaba, Faranga na Makuta katika Historia ya Katanga

1. Utangulizi

Mokambo ni mji mdogo wa mpakani katika eneo la Sakania, mkoani Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo yake ni Mufulira, nchini Zambia. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, na ulifuata maji-gawa ya mito Kongo na Zambezi. Tangu hapo, mkazi wa Mokambo ameishi kati ya fedha mbili na kulazimika kupima kila siku ipi inafaa kuwekwa na ipi itumiwe upesi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha namna sarafu na vitu vilivyotangulia sarafu vinavyoweza kusomwa kama hati za historia ya Katanga. Hoja yetu ni kwamba thamani ya fedha hutangazwa na dola, lakini huthibitishwa na mtumiaji. Mahali ambapo mtumiaji hakuacha maandishi, sarafu ni miongoni mwa mashahidi wachache wa uamuzi wake.

2. Msalaba wa shaba

Kabla ya sarafu za wageni, Katanga ilikuwa na fedha yake. Shaba iliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ikatoka misalaba. Ushahidi mkubwa umepatikana katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, yaliyochimbuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux katika miaka ya 1950, na baadaye na Pierre de Maret. Katika makaburi ya karne ya 13 hadi ya 15 misalaba ni mikubwa na ni michache, nayo huelekea kuwa alama ya heshima. Katika makaburi ya baadaye ni midogo, ni mingi, na ukubwa wake unakaribiana. De Maret ameuona mfanano huo kuwa dalili ya fedha: kitu cha heshima hupendeza kwa upekee wake, lakini fedha hufaa kwa kufanana kwake.

Misalaba mikubwa iliendelea kutengenezwa hadi karne ya 19. Utawala wa Msiri, aliyekuwa na makao yake Bunkeya, ulinufaika na biashara ya shaba, pamoja na pembe na watumwa. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Leopold. Baada ya hapo shaba ya Katanga ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba thamani ya msalaba ilikuwa ndani yake. Aliyeupokea aliweza kuuyeyusha akapata waya, bangili au jembe. Hakuhitaji ahadi ya mtu aliye mbali.

3. Faranga na pauni

Faranga ya Dola Huru ya Kongo ilianzishwa mwaka 1887. Sarafu zake ndogo zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati. Zile za fedha zilikuwa na sura ya Leopold, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Hata hivyo, kusini mwa Katanga faranga ilimkuta mpinzani. Reli iliyofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910 ilitoka kusini, kupitia Rhodesia. Bidhaa na wafanyakazi wengi walitoka huko, na pauni ya Uingereza ikatumika sana mjini.

Kabla ya vita vya 1914 pauni moja ilikuwa sawa na faranga 25 hivi. Ubelgiji ilipoimarisha fedha yake mwezi Oktoba 1926, pauni moja ilikuwa faranga 175. Kwa mfanyakazi aliyetoka Rhodesia ya Kaskazini, ambako kodi ilidaiwa kwa shilingi, tarakimu hizo zilikuwa na maana moja: mshahara wa faranga ulipungua kila alipovuka mpaka kurudi kwao. Udhaifu wa faranga ulikuwa mojawapo ya sababu zilizoifanya kampuni ya Union Minière igeuke na kutafuta watu zaidi ndani ya Kongo na Ruanda-Urundi.

Hapa historia ya fedha inakutana na historia ya lugha. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power (1986), ameonyesha kuwa kukua kwa Kiswahili Katanga kulihusiana na haja ya Wabelgiji ya kupunguza mvuto wa Waingereza kutoka kusini. Faranga na Kiswahili, kila kimoja kwa njia yake, vilitumika kuielekeza Katanga mbali na Rhodesia.

4. Sarafu ya mwaka 1961

Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Mwaka uliofuata zilitolewa sarafu za shaba nyeusi za faranga 1 na 5. Upande mmoja zina ndizi, na upande wa pili msalaba wa shaba. Bendera ya Katanga nayo ilikuwa na misalaba mitatu.

Tukiusoma msalaba huo kando ya ule wa Sanga, tunaona tofauti iliyojificha. Wa Sanga ulikuwa fedha yenyewe. Wa mwaka 1961 ni picha ya fedha ya zamani, iliyochorwa ili dola ya mwaka mmoja ionekane ina nasaba ya karne nyingi. Nguvu za dola hiyo zilitegemea mapato ya Union Minière na msaada wa Ubelgiji. Januari 1963 kujitenga kulikwisha.

5. Kutoka likuta hadi faranga

Mwezi Juni 1967 zaire ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Zaire moja iligawanywa katika makuta 100, na wakati huo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Neno makuta lina safari ndefu: katika nchi za Wakongo lilihusu vitambaa vya nyuzi za mti vilivyotumika kama fedha, na katika karne ya 18 Wareno walipiga sarafu za shaba zenye jina hilo kwa ajili ya Angola. Jirani yake, Zambia, ilianzisha kwacha, yaani pambazuko, mwezi Januari 1968.

Imani katika zaire ilivunjwa hatua kwa hatua. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na wenye nazo wakapewa muda mfupi na kikomo cha kubadilisha. Januari 1993 wafanyabiashara walikataa noti ya zaire milioni 5. Askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3, na mikoa ya Kasai ikaikataa. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa hesabu hiyo, faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za awali.

Sarafu ya likuta ilikufa, lakini neno halikufa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, makuta maana yake ni fedha. Watumiaji waliikataa sarafu na kulihifadhi jina lake.

6. Kukusanya ni kuandika

Mkusanyaji hana budi kwanza kutenganisha sarafu iliyopita mikononi mwa watu na ile iliyopigwa kwa ajili ya kuuzwa. Katika miaka ya 1970, Franklin Mint ya Marekani ilipiga sarafu za Bahamas na Barbados ambazo nyingi zilinunuliwa na wakusanyaji wa nje. Baada ya 1998, sarafu nyingi zenye jina la Kongo zimepigwa kwa shabaha hiyohiyo, ilhali sokoni watu hutumia noti. Hizo zinatueleza habari za soko la wakusanyaji, si za Mokambo.

Pili, sarafu isisuguliwe hata ing'ae, kwa kuwa uchakavu wake ni sehemu ya habari. Tatu, na hili ni kubwa zaidi, iandikwe ilipatikana wapi, iliitwaje, na ilinunua nini. De Maret aliweza kutofautisha heshima na fedha kwa sababu nafasi ya kila msalaba kaburini ilijulikana. Msalaba uliofukuliwa kwa siri na kuuzwa ni kilo ya shaba tu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba tangu Sanga hadi leo watu wa Katanga wamepokea, wamepima na mara nyingine wamekataa fedha walizoletewa. Wazee waliolipwa kwa faranga ya kikoloni wanazidi kupungua, na sarafu zao huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanafunzi wetu wa lugha na wa historia wangeweza kuandamana kwenda Sakania, Mokambo na Kipushi wakiwa na mizani ndogo, daftari na kinasa sauti. Sarafu bila maelezo ya aliyeitumia ni nusu ya hati, na nusu ya pili ingali katika vinywa vya watu.