Halloween Ilivyovuka Mpaka wa Busia Kabla ya Filamu

Jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kutisha na kubisha hodi nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Busia, upande wa Kenya na wa Uganda vilevile, wengi wanaijua Halloween kwa filamu, na wapo wanaoiita sherehe ya mashetani. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Sehemu ya historia ya siku hii ilifika kwetu zamani, ikipitia kanisani.

Wakelti wa Ayalandi walikuwa na Samhain, sikukuu ya kufunga mavuno, wakiamini kwamba usiku ule wafu huwarudia walio hai. Mwaka 835 Papa Gregori IV alisisitiza kuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote iadhimishwe tarehe 1 Novemba. Karibu na mwaka 998 Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, akaweka kesho yake iwe siku ya kuwaombea Marehemu Wote. Halloween ni mkesha wa ile ya kwanza kati ya siku hizo mbili.

Kilichonigusa zaidi ni desturi ya Uingereza na Ayalandi ya enzi za kati. Maskini na watoto walipita majumbani, wakapewa vikeki vidogo, nao wakawaombea marehemu wa kila nyumba iliyowapa. Mtoto alikula, mfu akaombewa, jirani akajua jina la aliyefiwa. Njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliwasukuma Waayalandi wengi hadi Marekani, wakaenda na mila zao. Kwao walizoea kuchonga taa kwa tanipu. Ugenini wakakuta malenge, makubwa na laini kuchonga.

Huku kwetu, mwaka 1894 Roma iliunda Vikarieti (eneo la kanisa la kimisionari) ya Upper Nile na kuikabidhi kwa wamisionari wa Mill Hill. Mwaka 1902 Waingereza wakauhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati ule kwenda katika himaya ambayo leo ni Kenya, na mstari ukawapita katikati Wateso na Wasamia. Kanisa halikukatwa siku hiyo. Wakatoliki wa pande zote mbili walibaki chini ya Upper Nile hadi 1925, Kavirondo, upande wa Kenya, ilipotengwa. Miongoni mwa waliotumikia vikarieti hiyo alikuwa Mama Kevin, mtawa aliyezaliwa Arklow, Ayalandi, mwaka 1875 na kufika Uganda mwaka 1903. Nchi ya Samhain ilituletea watawa kabla ya kutuletea vinyago. Leo Tororo, upande wa Uganda, ni jimbo kuu, tangu 1999, na Busia ya Kenya imo katika Jimbo la Bungoma lililoundwa 1987. Kila Novemba, Misa ya Marehemu Wote husomwa huku na huku.

Wamisionari hao waliikuta ardhi iliyokwisha kulimwa. Kwa Waluhya na Wajaluo, mtoto mchanga asiyenyamaza hutajiwa majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Likitajwa la anayemtaka, hutulia na kupewa jina hilo. Baada ya mazishi, pengine miaka mingi baadaye, huja makumbusho: ndugu hukusanyika, kaburi hujengewa, watu hula pamoja. Watoto hawafukuzwi. Wao ndio waliobeba majina.

Kubisha hodi gizani ni jambo jingine. Huku usiku una hofu ya mkimbiaji wa usiku, anayesemwa kuwa hutikisa milango na kurusha mawe juu ya mabati. Kumvika mtoto kinyago na kumtuma kwa jirani saa mbili usiku ni kumwingiza hatarini, na sioni sababu ya kuuiga upande huo.

Kwa hiyo, wewe wa Busia au Tororo unayetaka kuwaalika marafiki na watoto wao jioni hiyo, waalike mapema, jua likiwa bado juu. Pika malenge na mboga ya majani yake. Kila mtoto aulizwe jina alilonalo lilikuwa la nani, na mkubwa anayemkumbuka marehemu huyo amsimulie alivyoishi, alilima wapi, alipenda nini. Tarehe 2 Novemba wapeleke makaburini, wapalilie magugu wenyewe.