Mkono Uliosahauliwa

Msomaji, hebu itazame mikono yako miwili. Asubuhi ya leo umenawa uso, umefunga vifungo vya shati na umeshika kalamu, wala hukuwaza hata mara moja kwamba ulikuwa ukitenda jambo kubwa. Thamani ya mkono hujulikana siku unapokataa kutii. Insha hii ni habari ya mikono iliyokataa kutii, na ya safari ndefu ya wanadamu mpaka kutambua kwamba baadhi ya mikono hiyo haikufa, bali ilisahauliwa.

Ugonjwa wa kiharusi ni wa tangu kale. Mtu huketi na wenzake akiwa mzima, na mara upande mmoja wa mwili wake hupooza. Kwa karne nyingi watu waliona pigo lakini hawakuona mpigaji. Mwaka 1658 tabibu mmoja wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alitoa kitabu juu ya maiti alizozipasua, akaonyesha kwamba damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo. Leo twajua kwamba mshipa wa damu wa ubongo huziba au hupasuka, na sehemu iliyokosa damu hufa. Kwa kuwa nusu ya kulia ya ubongo huuamuru upande wa kushoto wa mwili, na nusu ya kushoto huuamuru upande wa kulia, dhara la upande mmoja huonekana katika mkono na mguu wa upande wa pili.

Lakini kuijua sababu si kupata dawa. Louis Pasteur, mtaalamu mashuhuri wa Ufaransa, alipatwa na kiharusi tarehe 19 Oktoba, 1868, naye alikuwa na umri wa miaka 45. Upande wake wa kushoto ulipooza. Miezi mitatu tu baadaye alisafiri kwenda kuendelea na uchunguzi wake wa maradhi ya viwavi wa hariri, na mwaka 1885 aliwapa walimwengu chanjo ya kichaa cha mbwa. Walakini mkono wake wa kushoto haukupata tena wepesi wake wa kwanza, na kazi nyingi za mikono katika maabara yake zilifanywa na wasaidizi. Akili ilirudi kazini, mkono haukurudi.

Pasteur alifariki mwaka 1895. Mwaka huo huo Waingereza wawili, Frederick Mott na Charles Sherrington, walieleza majaribio waliyowafanyia kima. Waliikata mishipa ya fahamu iletayo hisi kutoka mkono mmoja, wakaiacha salama ile ipelekayo amri. Kima wale waliacha kuutumia mkono huo. Ikahukumiwa kwamba mkono usio na hisi hauwezi kuongozwa kwa hiari, na hukumu hiyo ilidumu miaka mingi.

Baada ya nusu karne na zaidi, Mmarekani Edward Taub na wenzake waliuliza swali jepesi: je, kima huyu hawezi, au ameacha? Wakaufunga mkono wake mzima. Basi yule kima, akiwa hana mkono mwingine wa kutegemea, aliutumia ule uliodhaniwa kuwa umekufa! Taub akafahamu siri yake. Siku za kwanza baada ya dhara, mnyama hujaribu mkono akashindwa. Hujaribu tena, akashindwa. Mwisho hujifunza kutojaribu. Nguvu hurudi baadaye polepole, lakini hukuta mazoea ya kuacha yamekwisha kuota mizizi.

Fikra hiyo ilipelekwa kwa wanadamu. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 222, waliokuwa wamepatwa na kiharusi miezi 3 mpaka 9 kabla yake. Kwa muda wa majuma 2 waliotiwa katika mafunzo walivaa mfuko mnene katika mkono mzima karibu saa zote walizokuwa macho, wakafundishwa kwa saa nyingi kuutumia mkono dhaifu katika kazi ndogo ndogo za kila siku, na ugumu ukiongezwa kidogo kidogo. Mwaka mmoja baadaye mikono yao ilitenda vizuri kuliko ya wenzao waliopata matunzo ya kawaida. Usidhani, hata hivyo, kwamba njia hii ni ya kila mgonjwa: walichaguliwa wale ambao kiwiko cha mkono na vidole viliweza bado kujongea kidogo. Kwa watu hao ilithibitika kwamba ubongo wa mtu mzima waweza kufundishwa upya.

Msomaji, habari hii si ya maabara peke yake. Huenda nyumbani kwenu yuko babu au nyanya ambaye mkono wake umelala. Kwa kumpenda, watu wa nyumbani humlisha, humfunga vifungo na humpokonya kikombe kabla hajakigusa. Nia yao ni njema, lakini huruma isiyo na subira huweza kumfundisha mgonjwa lile somo baya la kima: kutojaribu. Waulizeni wauguzi na wataalamu wa mazoezi ni kazi gani awezayo kuifanya bila hatari, kisha mwacheni aifanye. Na achague maharagwe katika ungo, na amege tonge lake mwenyewe, hata kama dakika moja itakuwa kumi na nusu ya chakula itaanguka. Haba na haba hujaza kibaba. Wewe keti karibu naye, zuia mkono wako usimsaidie upesi, na ungoje.