Tulivyochagua Kulipa Deni na Kubaki na Kikundi

Katika miaka hii kumi mambo mengi yametupata, lakini linaloulizwa zaidi ni lile deni. Tumeona liandikwe ili na wanachama wapya walijue.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 25 hapa Kasulu. Hisa ilikuwa shilingi 2,000 kwa wiki, na sanduku lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Tulikuwa na katiba ya kwenye daftari tu, na kuaminiana.

Mwanzoni mwa 2019 tulikopa kwa mkopeshaji mmoja shilingi 6,000,000, tukanunua maharage wakati wa mavuno ili tuyauze bei ikipanda. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka 2020 ikaja Korona, wanunuzi wa mbali wakapungua, mzigo ukakaa ghalani ukaliwa na wadudu. Kufikia Desemba tulidaiwa shilingi 4,500,000, na faini inapanda kila mwezi.

Kikao kile kilikuwa kigumu kweli. Wengine walisema tugawane sanduku tutawanyike. Wengine walikuwa wamesikia kwamba ukitangazwa mufilisi deni linakwisha. Basi tukamwita Bibi Maendeleo atueleweshe.

Alitueleza kuwa Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ni ya tangu enzi za Mwingereza. Shauri linakwenda Mahakama Kuu, mali ya mdaiwa inashikwa na kugawiwa wadai, na jina lake linatangazwa. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inampa mdaiwa nafasi ya kupatana na wadai wake. Aidha, sisi tulikuwa tumedhaminiana kila mtu na mwenzake. Kikundi kingekufa, na deni lingetufuata majumbani, kwenye mashamba na mbuzi wetu.

Jambo la pili lilikuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Novemba 2019. Sheria hiyo iliwataka wakopeshaji wawe na leseni, na vikundi kama chetu, vya daraja la nne, viandikishwe kupitia halmashauri. Mkopo wetu ulikuwa wa kabla ya hapo, lakini sasa tulikuwa na pa kusemea.

Tukaenda kwa mkopeshaji tukiwa watano, na daftari mkononi. Deni hakulipunguza, ila alikubali kusimamisha riba na faini, tulipe shilingi 250,000 kwa mwezi kwa miezi 18. Tukaandikishana. Kila mama alitoa 10,000. Wenzetu wawili walipohama, pengo la shilingi 20,000 tulilijaza kwa kulima vibarua pamoja kila Jumamosi. Tulianza Januari 2021, tukamaliza Juni 2022. Hakuna mama aliyeuziwa shamba.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Sisi tulikuwa tumeshaandikishwa, na vitabu vyetu viko wazi. Lakini tumeweka kanuni: hakuna mkopo wa nje kabla mkataba haujasomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, na kila mmoja aseme atalipa kwa nini mazao yakikataa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaongeza: kulipa pamoja.