Nyasa, Malawi, Niassa: Safari ya Ufukwe wa Mashariki

Kila Jumamosi, Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema, ufukwe hugeuka soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi hushuka kwenye mitumbwi na mali yao iliyofungwa kwa nyasi kavu, na wachuuzi wa kutoka Kyela na Tukuyu huanza kubishana bei hata kabla ya mitumbwi kuvutwa mchangani. Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akivipanga vyungu vyake kwa ukubwa. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza ziwa hili wao wanaliitaje.

"Ziwa tu, mwanangu," akanijibu. "Kwani hapa kuna lingine?"

Nilikuwa nimefika kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu maji yale yale yaliyokuwa yakilamba vyungu vyake yana majina matatu kwenye ramani za mataifa matatu. Kwetu Tanzania ni Ziwa Nyasa. Wamalawi wanasema Ziwa Malawi. Msumbiji wanaandika Niassa, na jina hilo wameupa mkoa wao mzima. Kilomita za mraba zipatazo 29,600, kina kinachofika mita 700 hivi, na kwa zaidi ya nusu karne serikali mbili, ya Tanzania na ya Malawi, hazijakubaliana mpaka uko wapi.

Jina Nyasa tumelipata kwa njia ya ajabu kidogo. David Livingstone aliufikia mwisho wa kusini wa ziwa hili mnamo Septemba 1859, akalitia kwenye vitabu kwa neno alilolisikia kwa wenyeji, neno la Kiyao lenye maana ya maji makubwa. Majirani zao wanaosema Chinyanja huita nyanja. Wasukuma, mbali kaskazini, huita nyanza, na John Speke alipolisikia neno hilo mwaka 1858 aliliunganisha na jina la malkia wake, Victoria Nyanza. Kiswahili chetu nacho kina nyanja. Ni neno moja la Kibantu lililotembea. Kwa hiyo anayesema "Ziwa Nyasa" anasema "Ziwa Ziwa", kama vile mgeni aliyeuliza jina la mlima akaambiwa "mlima" naye akaandika hivyo hivyo.

Mama wa Lyulilo alikuwa amenijibu kama walivyojibiwa Livingstone na Speke. Tofauti ni kwamba jibu lake halikwenda kwenye ramani.

Hata hivyo Livingstone hakuwa wa kwanza. Wareno waliokaa Tete, kwenye mto Zambezi, walikuwa wakiandika jina Maravi kwa ajili ya watu na falme za kusini na magharibi ya ziwa muda mrefu kabla yake. Mwaka 1616 mfanyabiashara Gaspar Bocarro alitembea kutoka Tete mpaka Kilwa kwa miguu, akikatiza nchi hizo. Na Kilwa ndiko ilikoanzia njia nyingine, ile ninayoona tumeisahau mapema mno: njia ya misafara ya pwani iliyokuja mpaka ziwani kutafuta pembe za ndovu na watu. Ng'ambo, mahali panapoitwa Nkhotakota, Waswahili walijenga makao katikati ya karne ya 19 chini ya watawala waliojulikana kwa cheo cha Jumbe, na majahazi yao yalivusha mateka kuja upande huu wa mashariki ili washuke Kilwa na kuvushwa tena hadi Unguja.

Huko Unguja mtu aliyetoka ziwani aliitwa Mnyasa. Angeweza kuwa Mchewa, Mmang'anja, Mtumbuka au mtu wa ukoo usiojulikana na yeyote sokoni. Aliyemnunua hakuwa na haja ya kujua. Neno lililokuwa na maana ya maji likawa kabila, na kabila likawa alama ya mahali mtu alikotekwa. Vizazi vyao vipo Zanzibar mpaka leo. Huwa naona uchungu ninapowasikia Watanzania wakibishana juu ya "Nyasa yetu" pasipo kukumbuka kwamba wapo watu waliobebeshwa jina hilo shingoni kabla halijawa la wilaya wala la meli.

Kupachika jina hakukuishia kwa waliouzwa. Mfanyabiashara Mlozi alipopigana na kampuni ya Waingereza kule Karonga, kuanzia mwaka 1887, Waingereza waliviita vita vile "Vita vya Waarabu". Mlozi alikuwa Mswahili, na wengi wa watu wake walikuwa Waswahili na Wanyamwezi. Lakini neno "Mwarabu" lilisomeka vizuri zaidi kwenye magazeti ya London, kwani lilimfanya adui kuwa mgeni katika nchi ambayo Waingereza nao walikuwa wageni. Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Jina la vita limebaki vitabuni.

Kutoka Matema nilishuka kusini kwa maji. Kushoto milima inasimama wima kama ukuta uliotumbukizwa ziwani. Kwenye ramani zetu za shule ni Milima ya Livingstone, na aliyeipa jina hilo ni E. D. Young, aliyeileta ziwani mwaka 1875 meli ya kwanza ya mvuke, Ilala, miaka miwili baada ya Livingstone kufa. Livingstone mwenyewe hakufika upande huu wa kaskazini. Wakinga walikuwa juu ya milima hiyo, Wakisi chini yake, na hakuna aliyewauliza. Tangu Uhuru tumebadili majina ya barabara, viwanja na hospitali, lakini milima hii tumeiacha na jina la mtu ambaye hakuikanyaga.

Ukipita Ikombe unafika ghuba ya Lumbila. Hapa Wajerumani walijenga kituo chao cha kwanza ziwani wakakiita Langenburg, kwa heshima ya mwanamfalme wa Hohenlohe-Langenburg, mkuu wa chama chao cha wapenda makoloni. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yalipopandishwa milimani, jina lilipanda nayo: Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Manda iliitwa Wiedhafen, bandari ya Wied, kwa mwanamfalme mwingine. Liuli iliitwa Sphinxhafen, kwa sababu mwamba wa Pomonda uliosimama majini uliwakumbusha sanamu la Misri. Wanyakyusa walioishi nyuma ya Matema waliandikwa "Wakonde" katika vitabu vya Kijerumani, wakati wenyewe hulitaja jina lao kwa kumkumbuka Mwakyusa, na ndugu zao wa ng'ambo ya mto Songwe ni Wangonde wa Karonga. Mto ule, unaohama mkondo wake mvua zikizidi, ndio mpaka.

Majina hayo ya Kijerumani yalidumu muda usiozidi miaka thelathini. Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilitokea ghafla mbele ya Sphinxhafen na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa. Vita vilipokwisha, Sphinxhafen ikarudi kuwa Liuli, Wiedhafen ikarudi kuwa Manda, kwa wepesi ambao unaonyesha majina yale yalikuwa yameshikwa na nini: bendera tu.

Mstari wa mpaka haukurudi.

Mstari wenyewe ulichorwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba ule ule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland na kuiweka Zanzibar chini ya Uingereza. Mkataba unasema mpaka wa eneo la Wajerumani unafuata ufukwe wa mashariki wa ziwa, kisha wa kaskazini, kisha wa magharibi mpaka mdomo wa mto Songwe. Ukiusoma kama ulivyoandikwa, mama wa Lyulilo anapoosha chungu chake ameingiza mikono nchi ya watu. Mkataba huo huo ulieleza kwamba mipaka yaweza kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na hali ya mahali. Upande wa Wareno marekebisho yalifanyika: mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuusogeza mpaka katikati ya maji, na visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyoko karibu kabisa na Msumbiji, vikabaki Nyasaland, Malawi ya leo, kwani Likoma ilikuwa kitovu cha misheni ya Waanglikana wa UMCA. Upande wetu wakati huo mtawala wa pande zote mbili alikuwa Mwingereza. Taarifa zake za miaka ya 1920 kwa Shirika la Mataifa ziliuweka mpaka katikati, na baadaye ramani zake zikaurudisha ufukweni. Hakuona haja ya kujisumbua.

Hapo ndipo alipofika Kamuzu Banda, kiongozi wa Nyasaland, na jina jipya. Nchi iliyokuwa Nyasaland tangu 1907 ikawa Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Alisimulia kwamba jina lile aliliona kwenye ramani ya zamani ya Kifaransa, pembeni mwa ziwa, na ni kweli Maravi ilikuwa kwenye ramani za Ulaya miaka mia moja na zaidi kabla ya Livingstone. Ziwa nalo likapewa jina la nchi. Mwaka 1968 lugha ya Chinyanja, lugha ya watu wa ziwa, ikatangazwa kuitwa Chichewa, kwa jina la kabila lake Banda, ikawa lugha ya taifa. Chitumbuka cha kaskazini kikaondolewa redioni na magazetini, na hakikurudi hewani mpaka 1994. Zambia na Msumbiji waliendelea kusema Chinyanja. Watu wale wale, maneno yale yale, na mtoto wa Lilongwe na wa Lusaka wakafundishwa majina mawili ya lugha moja. Septemba 1968 Banda akaenda mbali zaidi akadai kwamba Malawi ya kweli inapanda maili mia moja kaskazini ya Songwe. Ukilipa taifa jina la dola ya kale, ni rahisi kuanza kudai na mipaka ya dola hiyo.

Nasi hatukuwa safi. Nyerere alitangaza Mei 1967 kwamba mpaka uko katikati ya ziwa, na ninaamini alikuwa na haki. Lakini mwaka 1962 serikali ya Tanganyika yenyewe ilikuwa imeliambia Bunge kwamba hakuna sehemu ya ziwa iliyo ndani ya mipaka yake. Na Julai 1964, mjini Cairo, ni Nyerere aliyeongoza hoja kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, hoja ambayo Malawi imeishikilia dhidi yetu tangu hapo. Mtanzania anayezungumzia ziwa hili bila kuyataja haya mawili hawasaidii wakazi wa Matema.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. "Nyasa" tunayoipigania kama yetu ndiyo iliyokuwa jina la koloni la jirani. Banda aliifuta ili aondoe alama ya mtawala, sisi tukaishika na tukaipa wilaya nzima iliyomegwa kutoka Mbinga. Kila upande umepanda jina kama mtu anavyopanda mnyaa mpakani mwa shamba, na majina yote mawili ni ya halali kwa asili yake. Wamaravi walikuwepo. Wanyasa wapo: nimewasikia Liuli wakisema lugha ambayo mtu wa Likoma angeielewa bila mkalimani.

Mvutano uliamka upya Malawi ilipotoa leseni mwaka 2011 kwa kampuni kutafuta mafuta ziwani. Mwaka uliofuata maneno yakawa makali, vijiji vya ufukweni vikashikwa na hofu ya vita, na suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa SADC chini ya Joaquim Chissano. Mpaka mpya haujatangazwa.

Pale Liuli, jioni, nilikaa na mzee mmoja mvuvi akitengeneza nyavu. Aliniambia usipa ni usipa hapa na Nkhata Bay. Samaki mkubwa ambaye sisi tunamwita mbasa, kule anaitwa mpasa; hupanda mito kwenda kutaga, mito ya huku na ya kule, mvua zinapoanza. Upepo wa mwera unapovuma wavuvi wote hutia nanga, na mtumbwi ukisukumwa na mawimbi hupokelewa popote unapofika. Nikamwuliza kama amewahi kuulizwa na tume yoyote juu ya mpaka. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Nawaomba wanaoongoza mazungumzo hayo, wetu na wa Malawi, waliache jina kando kabisa. Liitwe Nyasa Mbinga, liitwe Malawi Karonga, liitwe Niassa Metangula, na vitabu vya shule vya nchi zote tatu viyaandike majina yote matatu pamoja na asili yake. Kisha mstari uzungumzwe peke yake, katikati ya maji kama walivyofanya Waingereza na Wareno mwaka 1954. Na kikao kimoja tu, hata kiwe cha siku moja, kifanyike Lyulilo siku ya Jumamosi, mbele ya wenye vyungu.