Muuguzi Anayemfuata Mwenzi Wake: Usajili, Ndoa na Hasara ya Garsen

Mjadala wa uhamaji wa wauguzi wa Kenya umejengwa juu ya mtu wa aina moja, yaani muuguzi aliyetafutwa na mwajiri. Ndiye aliyekusudiwa Julai 2021, Kenya na Uingereza zilipotiliana saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya. Ndiye pia aliyekuwa akilini mwa wengi Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Huyo huondoka na barua ya kazi mkononi. Sehemu kubwa ya gharama zake hubebwa na hospitali inayomwajiri, na serikali zote mbili humhesabu.

Kuna muuguzi mwingine anayepita uwanja ule ule wa ndege bila kuhesabiwa na yeyote. Huyu anaondoka kwa kuwa mume, au wakati mwingine mke, amepata kazi au nafasi ya masomo ng'ambo, na viza yake inamtambua kama mtegemezi. Ninashikilia kwamba kutomwona muuguzi huyu ni kosa la sera. Kosa hilo lina madhara ya pande mbili: kituo alichokiacha kinampoteza, na nchi anayoiendea haimpati. Madhara hayo huwa makali zaidi mahali kama Garsen, ambako muuguzi mmoja akiondoka pengo lake huonekana siku hiyo hiyo.

Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo linalozidi kilomita za mraba 35,000. Garsen iko pale barabara itokayo Malindi inapogawanyika, upande mmoja ukielekea Witu na Lamu, mwingine ukipanda Hola hadi Garissa. Mto Tana ukifurika, njiapanda hiyo hugeuka kuwa kisiwa. Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, karibu na Gamba, na safari zikasimama. Wagonjwa hutegemea Hospitali ya Rufaa ya Hola, Hospitali ya Ngao, kituo cha afya cha Garsen na zahanati za vijijini. Katika zahanati, muuguzi ndiye mkunga, ndiye mchanjaji, ndiye mtoa dawa, ndiye mwandishi wa ripoti za mwezi. Usiku akiletwa mtu aliyeumwa na nyoka, au mama ambaye uchungu umemkolea huku gari la wagonjwa liko ng'ambo ya maji, uamuzi ni wake.

Kuna jambo lingine ambalo takwimu za watumishi haziwezi kulionyesha. Delta ya Tana ni ya Wapokomo wakulima na Waorma na Wardei wafugaji, pamoja na jamii nyingine, na mapigano ya wakulima na wafugaji ya mwaka 2012, yaliyoanza na mauaji ya makumi ya watu kijijini Riketa mwezi Agosti, bado yamo katika kumbukumbu za walio hai. Muuguzi aliyewazalisha wanawake wa pande zote mbili kwa miaka kadhaa ana amana ambayo hairithishwi kwa barua ya uteuzi. Mrithi wake anaweza kuwa na shahada ya juu kuliko yake. Ataanza kuaminiwa upya, nyumba kwa nyumba. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba Kenya ina wauguzi wengi wasio na ajira, hivyo nafasi ya anayeondoka itajazwa kesho. Cheo hujazwa kesho kikitangazwa. Mtu anayeaminiwa katika sehemu kama Tarasaa na Ngao hapatikani kwa tangazo.

Tabia ya kuichukulia ndoa ya muuguzi kuwa shida yake binafsi haianzii kwenye ubalozi. Inaanzia hapa nchini. Tangu ugatuzi ulipoanza kazi mwaka 2013, vituo vya afya viko chini ya kaunti, na muuguzi ni mtumishi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yake. Mumewe akiwa mwalimu, mwajiri wake ni Tume ya Kuajiri Walimu. Akiwa polisi, mwajiri wake ni taasisi ya kitaifa. Mume anaweza kuhamishwa kutoka Garsen hadi Kilifi kwa barua moja ya kutoka Nairobi. Mke hawezi kumfuata na kazi yake mpaka kaunti mbili zikubaliane, moja ikubali kumwachilia na nyingine ikubali kumpokea, na mafungu ya mishahara yaruhusu. Wengi huishia kuchagua kati ya kuishi mbali na mume na kuacha ajira. Ikiwa mpaka wa kaunti unatosha kumtenga muuguzi na kazi yake, tusishangae kwamba mpaka wa nchi unamtenga na taaluma nzima.

Huko ng'ambo, vizuizi ni viwili, na mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza ni haki ya kufanya kazi, ambayo hutolewa na idara ya uhamiaji. Cha pili ni usajili wa kitaaluma, ambao hutolewa na baraza la wauguzi la nchi husika. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine, na nchi hutofautiana sana katika kipi kinakosekana.

Uingereza inatoa mfano ulio wazi zaidi. Milango ya wategemezi imebanwa: tangu Januari 2024 wanafunzi wa kigeni hawaruhusiwi kuandamana na wenzi wao isipokuwa wale wa shahada za utafiti na wachache wenye ufadhili wa serikali, na tangu Machi 2024 watunza wazee wapya nao hawaruhusiwi. Lakini mwenzi aliyefanikiwa kuingia anaruhusiwa kufanya takriban kazi yoyote, uuguzi ukiwemo. Anachokosa ni usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko. Ili kuupata, lazima apate alama 7 za mtihani wa Kiingereza wa IELTS katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, au afaulu mtihani wa OET. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, ambao anaweza kuufanyia Nairobi, na mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ambao hufanyika Uingereza pekee na umekuwa ukigharimu pauni 794. Muuguzi aliyeajiriwa kutoka Kenya kwa kawaida hupewa na hospitali yake wiki kadhaa za mazoezi kabla ya mtihani huo, na hospitali hulipa. Aliyemfuata mume hujilipia, na mara nyingi kwa fedha za mume, jambo ambalo ndani ya nyumba si dogo hata kidogo: mwanamke aliyekuwa na mshahara wake Garsen sasa anaomba nauli ya kwenda kufanya mtihani.

Tena mtihani wenyewe haumpimi katika yale anayoyajua zaidi. Stashahada ya uuguzi ya Kenya huunganisha uuguzi, ukunga na afya ya jamii katika cheti kimoja. Daftari la Uingereza hutenga muuguzi na mkunga, kila mmoja na maombi yake na mtihani wake. Muuguzi wa Garsen, ambaye pengine ukunga ndio uliomfanya ajulikane delta nzima, analazimika kuchagua nusu yake ipi iende kutahiniwa. Wengi huchagua uuguzi kwa kuwa ndiko kwenye nafasi nyingi, na ukunga wao hulala. Wakati huo huo, kodi ya nyumba haisubiri matokeo, kwa hiyo huingia katika nyumba za wazee kama watunzaji. Kumwogesha na kumlisha mzee ni kazi yenye heshima, nami sitaki isomwe vinginevyo. Lakini mtu aliyezoea kuamua peke yake lini mgonjwa apelekwe Hola sasa haruhusiwi hata kugusa sindano, na kila mwaka unaopita mikono husahau. Kuna unafuu mmoja ambao wengi hawaujui: tangu Februari 2023 baraza la Uingereza linaweza kuzingatia ushahidi wa msimamizi wa kazi kwa aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza na akafanya kazi ya afya huko kwa mwaka mmoja. Kwa mwenzi aliyeanza kama mtunzaji, huu ni mlango halisi, ingawa unamwondolea kizuizi cha lugha pekee. Mitihani ya taaluma inabaki pale pale.

Marekani shida imegeuka. Mke wa mwanafunzi mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na mke wa mfanyakazi mwenye viza ya H-4 huruhusiwa katika hali chache tu. Anaweza kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, na bado akakaa nyumbani akiwa na cheti. Ujerumani, kwa upande wake, humpa mwenzi haki ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza, lakini utambuzi wa vyeti uko mikononi mwa mamlaka za majimbo, nazo kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha B2. Lugha inayomtosha kuingia nchini haimtoshi kuingia wodini. Katika nchi za Ghuba, vyeti huthibitishwa kupitia kampuni ya DataFlow na mtihani mara nyingi hufanywa katika vituo vya Prometric, na aliyeingia kwa ukaaji wa mumewe huhitaji kibali chake mwenyewe kabla ya kuvaa sare.

Lililo la kusikitisha zaidi liko karibu nasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kuandamana na mwenzi wake, na inampa mwenzi huyo haki ya kuajiriwa. Kwa maandishi, hiyo ni haki pana kuliko anayopata mke wa mwanafunzi huko Marekani. Lakini makubaliano ya kutambuana kitaaluma yalitangulia kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mkenya anayemfuata mume Dar es Salaam au Kampala bado huanza upya mbele ya baraza la nchi hiyo, ijapokuwa malaria anayoitibu ni ile ile na Dar es Salaam mama anayemzalisha huzungumza Kiswahili kile kile. Tulianza na majengo na hesabu, tukawaacha wanaozalisha wake zetu. Sioni hoja ya kitaaluma inayoweza kuutetea mpangilio huo.

Nimekwisha kusikia pingamizi: kwa nini kaunti yenye uhaba imsaidie muuguzi kuondoka? Swali hilo linadhani kwamba msaada ndio unaomwondoa. Ndoa imekwisha kumwondoa. Kinachobaki kuamuliwa ni kama atarudi akiwa muuguzi au akiwa mtu aliyewahi kuwa muuguzi. Hapa ndipo mwenzi anapotofautiana na aliyeajiriwa. Aliyeajiriwa na hospitali ya Uingereza ana kila sababu ya kubaki. Mwenzi wa mwanafunzi au wa mtumishi wa mkataba amefungwa na muda wa mwingine, na muda huo una mwisho: shahada ya uzamivu humalizika, mkataba wa miaka mitatu au minne huisha. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya kimataifa zinahimiza uhamaji wa kwenda na kurudi, ili nchi asili nayo inufaike. Kundi lililo karibu zaidi na uhamaji wa namna hiyo ni hili la wenzi, na ndilo lisilotajwa.

Kenya ina uzoefu wa kuwainua wauguzi pale walipo. Mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianzisha mafunzo ya kompyuta ya kuwapandisha wauguzi 22,000 kutoka cheti hadi stashahada bila kuwaondoa vituoni kwa miaka. Somo lake linahusu suala letu moja kwa moja. Mwenye cheti peke yake ana nafasi finyu mno ya kusajiliwa kama muuguzi kamili ng'ambo, kwa hiyo hatua ya kwanza kwa anayetarajia kumfuata mwenzi ni kupanda daraja akiwa bado kazini. Baada ya hapo, mpangilio una uzito kuliko haraka. Nakala za masomo kutoka chuoni, na barua za uzoefu zinazotaja wodi na majukumu kwa undani, hupatikana kwa urahisi zaidi mtu akiwa bado mtumishi. Uthibitisho wa usajili hutumwa na Baraza la Wauguzi la Kenya moja kwa moja kwa baraza la nje, na muuguzi hauchukui mkononi. Mtihani wa lugha na ule wa kompyuta ifanywe kabla ya safari, wakati mshahara ungali unaingia. Leseni ya Kenya isiachwe kufa, maana mabaraza ya nje huuliza kama mwombaji yumo kwenye daftari la kwao, na mamlaka za Ghuba huangalia pia pengo la kazi.

Hayo ni ya muuguzi mwenyewe. Ya kaunti ni machache na hayana gharama kubwa. Utumishi wa umma unajua likizo bila malipo. Bodi ya Tana River inaweza kuitamka wazi kwa muuguzi anayemfuata mwenzi kwa muda unaojulikana, badala ya kumwacha ajiuzulu au ahesabiwe mtoro. Mshahara usiolipwa unatosha kumweka muuguzi wa mkataba Garsen kwa kipindi hicho. Katika likizo hiyo pawe na masharti: ahuishe leseni, na kila mwaka aarifu yuko wapi na anafanya kazi gani. Nafasi yake ibaki katika orodha ya watumishi wa kaunti, kwa namba yake ile ile, mpaka mkataba wa mume utakapokwisha.